Mabingwa wa Karibi na Hadithi ya Mchezo Usio na Siasa

Mwishoni mwa Januari 2019, zikiwa zimesalia siku chache tu filimbi ya kwanza kupulizwa, waandaaji wa Mashindano ya Karibi ya besiboli waliyaondoa mashindano hayo katika mji wa Barquisimeto, magharibi mwa Venezuela, wakayahamishia katika Jiji la Panama. Siku hizo Venezuela ilikuwa na watu wawili waliodai kuwa marais wake halali, na hakuna aliyeweza kuwahakikishia wageni usalama. Panama haikuwa miongoni mwa washiriki wa mwaka ule, na ilikuwa imekaa nje ya mashindano hayo kwa miongo mingi. Kwa kuwa ndiyo iliyokubali kuwa mwenyeji, ikapewa heshima ya kuingiza timu yake. Tarehe 10 Februari, klabu ya Toros de Herrera ya Panama iliishinda Leñadores de Las Tunas ya Kuba kwa 3–1 katika fainali. Mara ya mwisho Panama kulitwaa taji hilo ilikuwa mwaka 1950. Mwenye nyumba aliyeombwa kuazima ukumbi wake akaishia kuwa bwana harusi.

Wengi walikisimulia kisa hicho kama bahati nasibu ya michezo. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Kila unapozuka mgogoro unaogusa viwanja, wakubwa hutukumbusha kwamba michezo na siasa visichanganywe. Kauli hiyo tumeizoea kiasi kwamba tunaikariri bila kuihoji. Dai la makala haya ni kwamba historia ya mashindano haya ya mabingwa, ambayo sasa ina umri wa zaidi ya miaka 70, inaionyesha kauli hiyo kuwa hadithi tu. Siasa haikuingia katika mchezo huu kutoka nje, kwa maana ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Swali la maana ni siasa ya nani, kwa faida ya nani, na nani analipa gharama yake.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe, besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja. Mrushaji wa timu moja hurusha mpira mdogo mgumu, na mpigaji wa timu nyingine hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne hadi arejee alikoanzia, na hapo huhesabiwa pointi. Timu hupokezana zamu, na kila timu ina zamu tisa. Nchini Marekani ligi kuu huchezwa kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Baridi ikiingia huko, nchi za Karibi zina jua, na ndipo ligi zao huchezwa, kuanzia takriban Oktoba hadi Januari. Mapema Februari, bingwa wa kila ligi hukutana na mabingwa wenzake. Mashabiki wa soka wa kwetu watayaelewa mashindano haya wakikumbuka kombe la vilabu bingwa vya Afrika Mashariki na Kati. Tofauti moja ni ya msingi: klabu bingwa ya Karibi huruhusiwa kujiimarisha kwa wachezaji kutoka vilabu ilivyovishinda nyumbani, na ikifika mashindanoni huitwa kwa jina la nchi. Wapinzani wa jana huvaa sare moja, na klabu hugeuka taifa kwa muda wa juma moja.

Ili kuelewa kwa nini juma hilo lina uzito, hatuna budi kurudi karne ya 19. Besiboli ilifika Kuba katika miaka ya 1860, ikiletwa na vijana wa Kikuba waliokuwa wamesomeshwa Marekani. Kuba wakati huo ilikuwa koloni la Hispania. Watawala walikuwa na mchezo wao wa kupigana na mafahali, na vijana waliotaka uhuru waliuona mchezo mpya kuwa alama ya kujitenga nao. Kuchagua gongo badala ya fahali kulikuwa ni kuchagua upande. Desemba 1874 ilichezwa mechi maarufu katika uwanja wa Palmar de Junco mjini Matanzas, na mwaka 1878 ligi ya Kuba ikaanzishwa. Mmoja wa waasisi wake, Emilio Sabourín, alikamatwa na Wahispania kwa kuunga mkono harakati za uhuru, akafungwa katika gereza la Ceuta huko Afrika Kaskazini, na akafia humo mwaka 1897. Anayedai kwamba mchezo huu ulizaliwa bila siasa na akaeleze kaburi hilo.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa. Imezoeleka kusemwa kwamba besiboli ilisambazwa katika Karibi na wanajeshi wa Marekani. Ni kweli kwamba majeshi hayo yaliikalia Jamhuri ya Dominika kuanzia 1916 hadi 1924, na kwamba Puerto Rico ilitwaliwa na Marekani mwaka 1898. Hata hivyo, kabla ya majeshi hayo kutia nanga, Wakuba waliokimbia Vita vya Miaka Kumi, vilivyopiganwa kuanzia 1868 hadi 1878, walikuwa wameshaubeba mchezo huo hadi Jamhuri ya Dominika na hadi rasi ya Yucatán nchini Meksiko. Waliosambaza mchezo walikuwa pia wakimbizi na wakulima wa miwa. Tofauti hii si ndogo. Ukiamini kwamba mchezo ni zawadi ya mkoloni, utaona ushindi wa watu wa Karibi kuwa ni uigaji uliofaulu. Ukijua kwamba waliupokezana wao kwa wao, utaona kwamba walikuwa wakijenga kitu chao ndani ya dunia ambayo haikuwa yao.

Madikteta nao walijua thamani ya kitu hicho. Mwaka 1936 Rafael Trujillo aliubadilisha jina mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, akauita Ciudad Trujillo kwa jina lake mwenyewe. Mwaka uliofuata, timu iliyobeba jina la mji huo ilikusanya nyota wakubwa Weusi wa Marekani, miongoni mwao Satchel Paige na Josh Gibson, wachezaji ambao hawakuruhusiwa kucheza katika ligi kuu ya nchi yao kwa sababu ya rangi yao. Timu ya Trujillo ikatwaa ubingwa. Gharama ya kuwanunua nyota hao ilivikausha vilabu, na nchi hiyo haikuwa tena na ligi ya kulipwa hadi 1951. Hivyo ndivyo fahari ya mtawala mmoja ilivyokula mbegu ya msimu uliofuata.

Kisa cha 1937 kinatuonyesha upande wa pili wa besiboli ya Karibi. Kabla ya Jackie Robinson kuingia Brooklyn Dodgers mwaka 1947, mchezaji Mweusi wa Marekani, hata awe hodari kiasi gani, alifungiwa mlango wa ligi kuu. Katika viwanja vya Kuba, Puerto Rico, Venezuela na Meksiko alicheza bega kwa bega na Weupe, na mara nyingi dhidi ya Weupe walewale waliolindwa na ubaguzi nyumbani kwao. Tusiitie chumvi picha hiyo. Nchini Kuba kwenyewe, ligi ya ridhaa ya vilabu vya matajiri iliwazuia Weusi hadi mapinduzi. Na Dodgers walipokwenda kufanya mazoezi Havana mapema mwaka 1947, klabu hiyo iliwalaza Robinson na wenzake Weusi katika hoteli tofauti na ya wachezaji Weupe. Ubaguzi unasafiri na mizigo ya mwenye fedha. Hata hivyo, uwanja wa Karibi ulikuwa umethibitisha, miaka mingi kabla ya 1947, kwamba hoja ya Weusi kutokuwa na uwezo ilikuwa uongo mtupu.

Hapo ndipo wazo la mashindano ya mabingwa lilipopata udongo. Mwaka 1946 yalifanyika mjini Caracas mashindano ya kukutanisha timu za nchi mbalimbali, na waandaaji wawili wa Venezuela, Pablo Morales na Oscar Prieto, wakaona kwamba jambo hilo linaweza kuwa la kudumu. Agosti 1948 wawakilishi wa Kuba, Panama, Puerto Rico na Venezuela walikutana Miami na kukubaliana kuunda shirikisho na kuanzisha mashindano ya kila mwaka. Februari 1949 mashindano ya kwanza yakachezwa katika Gran Stadium ya Havana, uwanja uliokuwa umefunguliwa mwaka 1946. Kila timu ilicheza mechi sita. Almendares ya Kuba, iliyokuwa na Monte Irvin, nyota Mweusi ambaye mlango wa ligi kuu ulikuwa bado haujamfungukia, ilishinda zote sita.

Tazama majina ya washiriki wengine wa miaka hiyo ya mwanzo, kwani majina ni nyaraka. Venezuela iliwakilishwa na Cervecería Caracas, yaani kiwanda cha bia. Panama iliwakilishwa na Spur Cola, jina la soda, na mwaka 1950 ikatwaa taji kupitia Carta Vieja, jina la pombe ya miwa. Taifa lilikuja uwanjani likiwa limevaa nembo ya mfanyabiashara. Sisemi hivyo kwa kudharau. Bila fedha za viwanda hivyo huenda mashindano yasingekuwapo. Ninachosema ni kwamba tangu mwanzo swali la mwenye mchezo lilikuwa na majibu zaidi ya moja: shabiki aliyelia jukwaani, kampuni iliyolipa mishahara, na serikali iliyopenda kupigwa picha na kombe.

Na juu ya hao wote alikuwapo mwingine. Mwaka 1946 mfanyabiashara wa Meksiko, Jorge Pasquel, aliwavuta wachezaji kutoka ligi kuu ya Marekani kwa mishahara mikubwa. Wakuu wa besiboli ya Marekani walijibu kwa kuwatangazia adhabu ya kufungiwa miaka mitano wachezaji waliokwenda huko. Adhabu hiyo ilitisha Karibi nzima, kwa maana hata aliyecheza dhidi ya waliofungiwa aliweza naye kufungiwa. Mwaka 1947 ligi ya Kuba ikatia saini makubaliano na wakubwa hao, na ligi nyingine za majira ya baridi zikafuata. Zilipata uhakika wa kuletewa wachezaji. Nazo zikakubali kwamba mkubwa wa kaskazini ndiye angeamua nani acheze, kwa muda gani, na kwa masharti yapi. Mashindano ya Karibi yalizaliwa baada ya hapo, yakiwa na sherehe mkono mmoja na kongwa mkono wa pili.

Ndani ya kongwa hilo watu walicheza kwa namna ambayo haijasahaulika. Februari 1955, katika Uwanja wa Chuo Kikuu mjini Caracas, ambao ni sehemu ya kampasi iliyotambuliwa baadaye na UNESCO kuwa urithi wa dunia, Puerto Rico iliwakilishwa na Santurce. Katika safu yake ya nyuma walisimama Willie Mays, ambaye miezi michache kabla alikuwa ametwaa ubingwa wa Marekani, na Roberto Clemente, kijana wa Puerto Rico aliyekuwa bado hajacheza mechi hata moja ya ligi kuu. Mays alianza vibaya, gongo lake likikosa mara baada ya mara. Kisha, katika zamu ya 11 ya mechi dhidi ya Magallanes ya Venezuela, akaupiga mpira ukavuka ukuta, na mchezo ukaisha. Santurce ilirudi nyumbani na taji. Fikiria maana yake kwa kisiwa ambacho watu wake ni raia wa Marekani tangu 1917 lakini hawana kura ya kumchagua rais wa Marekani. Katika Umoja wa Mataifa Puerto Rico haina kiti. Katika Mashindano ya Karibi ilikuwa na kiti, bendera na kombe.

Katika mashindano 12 ya awamu ya kwanza, kuanzia 1949 hadi 1960, Kuba ilishinda mara 7, Puerto Rico mara 4 na Panama mara 1. Kuanzia 1956 hadi 1960 Kuba ilishinda mfululizo bila kupokonywa. Katikati ya mfululizo huo ndipo yalipotokea mapinduzi. Mwanzoni ilionekana kana kwamba besiboli na mapinduzi vitaishi nyumba moja. Julai 1959 Fidel Castro mwenyewe alipanda jukwaa la mrushaji katika Gran Stadium akiwa na timu ya wapiganaji iliyoitwa Los Barbudos, wenye ndevu. Usiku mmoja au miwili baadaye, katika uwanja uleule, sherehe za mapinduzi ziliambatana na risasi zilizopigwa hewani, na wawili wa watu waliokuwa uwanjani wakajeruhiwa kidogo. Julai 1960, serikali ya Kuba ilipokuwa ikitaifisha mali za Wamarekani, klabu ya Havana iliyokuwa ikicheza katika ligi ya Marekani ilihamishwa ghafla hadi Jersey City msimu ukiwa unaendelea. Januari 1961 Marekani ikavunja uhusiano wa kibalozi. Mashindano ya Karibi ya 1961 yalikuwa yafanyike Havana. Hayakufanyika.

Msimu wa mwisho wa ligi ya kulipwa ya Kuba, wa 1960 na 1961, ulichezwa na Wakuba watupu. Baada ya hapo serikali ikafuta michezo ya kulipwa, ikisema kwamba mwanamichezo asiuzwe kama bidhaa, na Januari 1962 ikaanzisha ligi mpya ya ridhaa. Hoja hiyo ina uzito, na mwanafunzi wa historia asiitupe kwa haraka. Mfumo wa zamani kweli uliwauza na kuwanunua watu, na ligi mpya ilifika mikoani ambako ile ya zamani, iliyojikita Havana, haikuwahi kufika. Lakini mlango uliofungwa ulikuwa na watu pande zote mbili. Mrushaji Luis Tiant alikuwa akicheza Meksiko mwaka 1961, akaambiwa kwamba akirudi nyumbani huenda asitoke tena. Hakurudi. Baba yake, aliyekuwa naye mrushaji maarufu wa enzi za ubaguzi, alikaa miaka 14 bila kumwona mwanawe. Ni mwaka 1975, baada ya seneta George McGovern kumwomba Castro, wazazi waliporuhusiwa kusafiri, na mzee huyo akasimama katika uwanja wa Fenway Park mjini Boston kurusha mpira wa ufunguzi. Serikali mbili zilipogombana, familia hiyo ndiyo iliyolipa deni.

Kwa miaka tisa mashindano yakalala. Mwaka 1970 yakafufuliwa mjini Caracas na nchi tatu: Venezuela, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika, ambayo haikuwamo katika awamu ya kwanza. Magallanes wakaipa Venezuela taji lake la kwanza. Mwaka 1971 Meksiko ikajiunga, na ikasubiri hadi 1976 kushinda, kupitia Hermosillo. Miaka iliyofuata Jamhuri ya Dominika, ile iliyokaa bila ligi ya kulipwa kwa sababu ya fahari ya Trujillo, ikawa mshindi mkuu wa mashindano haya, na leo ina mataji zaidi ya 20.

Lakini ufufuo huo ulikuja wakati nguvu za kazi zilikuwa zikihama. Kadiri mishahara ya Marekani ilivyopanda, ndivyo nyota wa Karibi walivyopunguza kucheza nyumbani. Klabu ya Marekani inayomlipa mtu mamilioni haitaki ajichoshe au avunjike mkono akiichezea klabu ya utotoni mwake. Ligi za majira ya baridi zikawa mahali pa vijana wanaotafuta jina na wazee wanaolitunza. Mwaka 1981 mashindano hayakufanyika kabisa, kwa sababu wachezaji wa Venezuela, nchi iliyotarajiwa kuwa mwenyeji, walikuwa wamegoma. Naomba wanaharakati wanaosoma hapa waukumbuke mwaka huo. Historia rasmi huuandika kama pengo katika orodha ya mabingwa. Kwa mtazamo wa mfanyakazi si pengo. Ni mwaka ambao waliobeba mashindano mabegani walidai wasikilizwe.

Waandaaji walijaribu kutafuta dawa ya fedha. Mwaka 1990 waliyapeleka mashindano Miami, wakitumaini kwamba jamii kubwa ya wahamiaji ingejaza viti. Walitumia Orange Bowl, uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani ambao vipimo vyake havikufaa besiboli, na watu hawakujaa. Mwaka 1991 wakarudi Miami katika uwanja mwingine, uliopewa jina la Bobby Maduro. Huyu Maduro alikuwa mmoja wa waliojenga Gran Stadium ya Havana na mmiliki wa ile klabu iliyohamishiwa Jersey City. Mashindano yaliyozaliwa katika uwanja wake wa nyumbani yakaja kumtembelea katika uwanja wa uhamishoni, nayo Kuba haikuwamo. Baada ya hapo mashindano yakarejea katika nchi zenyewe, na kwa zaidi ya miaka 30 hayakwenda tena Miami.

Kuba ilirudi mwaka 2014, katika kisiwa cha Margarita nchini Venezuela. Mwaka uliofuata mashindano yakafanyika San Juan, Puerto Rico. Wiki chache kabla, tarehe 17 Desemba 2014, Barack Obama na Raúl Castro walikuwa wametangaza kurejesha uhusiano. Februari 2015 Vegueros de Pinar del Río ya Kuba iliishinda Tomateros de Culiacán ya Meksiko 3–2 katika fainali, ikitwaa taji la kwanza la Kuba tangu 1960, na ikalitwaa katika ardhi iliyo chini ya bendera ya Marekani. Miaka 55 ilikuwa imepita.

Ingekuwa rahisi kuimalizia hadithi hapo, kwa machozi ya furaha. Lakini Februari 2016, baada ya mashindano ya Santo Domingo, ndugu wawili, Yulieski na Lourdes Gurriel, waliondoka hotelini na hawakurudi Kuba. Yulieski alikuja kuwa bingwa wa Marekani mwaka 2017. Mchezaji wa Kuba alikuwa bado analazimika kutoroka ili acheze anakotaka. Desemba 2018 shirikisho la besiboli la Kuba na ligi kuu ya Marekani walitia saini makubaliano ambayo yangewaruhusu wachezaji kuhama kihalali. Aprili 2019 serikali ya Donald Trump iliyafuta. Agosti mwaka huohuo, kufuatia vikwazo dhidi ya serikali ya Venezuela, ligi kuu ya Marekani iliwazuia wachezaji wake kushiriki ligi ya Venezuela. Mwaka 2020 Kuba haikuwamo tena katika mashindano, na kiti chake kikakaliwa na Kolombia.

Hapa historia inatupa somo ambalo hatukulitarajia. Kolombia, iliyoingia kwa sababu ya mlango kufungwa, ikatwaa taji mwaka 2022 kupitia Caimanes de Barranquilla. Panama, iliyoitwa kwa dharura, ikashinda mwaka 2019. Puerto Rico, iliyopigwa na kimbunga Maria Septemba 2017 na kubaki bila umeme kwa miezi, ilicheza ligi fupi mchana kwa mwanga wa jua, na Februari 2018 Criollos de Caguas wakatwaa ubingwa kwa mwaka wa pili mfululizo. Mashindano ya mwaka huo pia yalikuwa yamepangiwa Barquisimeto, yakahamishiwa Meksiko. Taasisi hii imevunjwa, imehamishwa, imefukuzwa na kususiwa, na bado ipo. Nini kimeishikilia?

Jibu langu lina sehemu tatu. Kwanza, haikutegemea nchi moja. Kuba ilipotoka, ikiwa bingwa wa miaka mitano mfululizo, ungetarajia mashindano yafe moja kwa moja. Yalilala, kisha yakaamka bila Kuba. Taasisi ya kikanda inayosimama kwa mguu wa mwanachama mmoja huanguka naye. Sisi tulioishuhudia au kusimuliwa mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, hatuhitaji kuelezwa jambo hilo kwa kirefu.

Pili, mizizi yake imo katika ligi za nyumbani. Hakuna anayefika Februari bila kucheza Oktoba. Trujillo alinunua mabingwa bila kujenga ligi, na alichopata ni kombe moja na ukame wa miaka mingi. Watumishi wa umma wanaopanga bajeti za michezo wangefanya vyema kulitafakari hilo kabla ya kutangaza zawadi nono kwa timu ya taifa huku viwanja vya wilaya vikiota nyasi.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, haijatatua swali la mwenye mchezo. Bado klabu za Marekani huamua nani acheze. Bado serikali huamua nani avuke mpaka. Bado mchezaji mwenyewe, ambaye jasho lake ndilo linalouzwa, huulizwa mwisho. Mashindano yamedumu licha ya swali hilo, lakini kudumu si sawa na kuwa huru. Aliyesema kwamba michezo na siasa visichanganywe hakuwa akiiondoa siasa. Alikuwa akiwaomba wachezaji na mashabiki wawaachie wengine siasa hiyo.

Kwa hiyo tukisikia tena kauli hiyo, iwe huko Karibi au kwingineko, tuijibu kwa maswali ya kawaida ya mwanahistoria. Nani aliyeitoa? Ameitoa lini? Na wakati anaitoa, mzee Tiant alikuwa wapi, na mwanawe alikuwa wapi?